Ngome ya Fyvie na Koo Tano Zilizoimiliki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Fyvie iko wapi, na ni ngome ya namna gani?

Iko Aberdeenshire, kaskazini mashariki mwa Uskoti, kando ya mto Ythan, kama kilomita 40 kutoka jiji la Aberdeen. Si gofu. Paa lipo, sakafu zipo, samani na picha zimo ndani, na hadi 1984 familia ilikuwa ikiishi humo. Upande wake wa kusini una urefu wa takriban mita 46, na ndio unaopigwa picha kuliko pande nyingine zote: mnara kila pembe na lango kubwa la minara pacha katikati.

Zamani majengo yalizunguka ua pande zote nne. Leo imebaki mikono miwili tu, wa kusini na wa magharibi, ndiyo maana ukiitazama kutoka juu inafanana na herufi L.

Koo hizo tano ni zipi, na kila moja ilikaa lini?

- Preston: 1390 hadi 1433
- Meldrum: 1433 hadi 1596
- Seton: 1596 hadi 1690
- Gordon: 1733 hadi 1889
- Leith, baadaye Forbes-Leith: 1889 hadi 1984

Kati ya 1690 na 1733 kuna pengo la miaka 43. Hilo si kosa la uchapaji, na limeelezwa hapa chini. Tangu 1984 mmiliki ni National Trust for Scotland, shirika la hisani linalotunza majumba na ardhi za kihistoria za Uskoti.

Jambo moja lifaa kushikwa tangu mwanzo: hakuna ukoo hata mmoja kati ya hiyo mitano ulioiteka Fyvie kwa upanga. Wa kwanza uliipata kutokana na mateka wa vita, wa pili kwa ndoa, na mitatu iliyofuata kwa kununua. Anayeingia akitarajia historia ya kuzingirwa na kubomolewa kuta atakuta historia ya hati, mahari na madeni, na kwa wanaoifahamu ngome hii, hapo ndipo utamu wake ulipo.

Kabla ya akina Preston ilikuwa ya nani?

Ya wafalme wa Uskoti. William aitwaye Simba alikuwa hapa mwanzoni mwa karne ya 13, Edward I wa England alipita 1296 alipokuwa akiitiisha nchi, na Robert the Bruce anakumbukwa kuwa aliendesha baraza lake hapa chini ya miti. Wakati huo Fyvie ilikuwa kituo cha mfalme anayezunguka nchi yake: mahali pa kulala, kuwinda, kukusanya kodi na kuamua kesi. Kuta nyingi unazoziona leo ni za baadaye.

Henry Preston aliipataje?

Agosti 1388 Waskoti na Waingereza walipigana Otterburn, kaskazini mwa England. Waskoti walishinda na kuwakamata ndugu wawili wa nyumba ya Percy, Henry aitwaye Hotspur na Ralph. Ralph aliangukia mikononi mwa Sir Henry Preston.

Enzi hizo mateka mwenye cheo alikuwa mali. Aliyemkamata alikuwa na haki ya fidia, na haki hiyo ingeweza kuuzwa, kugawanywa au kubadilishwa. Preston aliikabidhi haki yake kwa mfalme, akapewa ardhi za Fyvie na Formartine. Ardhi hizo zilikuwa zimepitia mikononi mwa Sir James Lindsay kabla ya kumfikia yeye. Kwa hiyo ukisoma mahali pamoja kwamba Fyvie ilikuwa ya Lindsay na mahali pengine kwamba Preston alipewa na mfalme, hakuna aliyekosea.

Kwa nini ilihamia kwa akina Meldrum?

Preston alifariki 1433 bila mtoto wa kiume. Kwa sheria ya Uskoti ya wakati huo, mtoto wa kiume wa kwanza alichukua ardhi yote. Wakibaki mabinti peke yao, waligawana. Binti mmoja alikuwa ameolewa na Meldrum, na Fyvie ikaenda upande huo. Mwingine aliolewa na Forbes, na upande wake ukapata Tolquhon, ngome nyingine iliyo kusini mashariki mwa Fyvie.

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapojikwaa. Tolquhon nayo, kama Fyvie, ina mnara uitwao wa Preston, na leo ni gofu. Picha za minara hiyo miwili hubadilishwa kila mara. Ukiona mnara wa Preston uliobomoka, hauna paa na nyasi zimeota ndani, hiyo ni Tolquhon.

Akina Meldrum walikaa miaka 163, muda mrefu kuliko ukoo mwingine wowote, lakini ndio walioacha maandishi machache zaidi. Mnara wao uko pembe ya kusini magharibi.

Alexander Seton alikuwa nani, na kwa nini anatajwa sana?

Kwa sababu Fyvie tunayoiona ni yake zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Alizaliwa 1555, mtoto wa kiume wa Lord Seton lakini si mrithi, basi akaelekezwa kwenye kanisa na vitabu. Alisoma Roma, kisha sheria Ufaransa. Aliporudi alipanda ngazi za mahakama hadi kuwa rais wa mahakama kuu ya madai 1593. Mwaka 1596, mwaka uleule aliponunua Fyvie, alikuwa mmoja wa wanaume wanane waliokabidhiwa hazina ya Mfalme James VI iliyokuwa imekauka. Mwaka 1598 akawa Lord Fyvie, 1604 Chansela wa Uskoti, na 1605 Earl (cheo cha juu cha kimwinyi) wa Dunfermline. Alifariki 1622.

Mfalme alimwamini kiasi cha kumkabidhi mwanawe mdogo. Charles, aliyezaliwa Novemba 1600 na kuja kuwa Mfalme Charles I, alikuwa mtoto dhaifu aliyechelewa kutembea. Wazazi wake walipohamia London 1603 yeye aliachwa chini ya uangalizi wa Seton hadi 1604.

Mtu wa namna hii hakuhitaji ngome ya kujificha. Alihitaji nyumba ya kutangaza kwamba mtoto asiye mrithi amefika. Basi alichukua minara ya zamani, akalipa lango la katikati sura mpya ya minara miwili ya duara iliyounganishwa juu kabisa kwa tao, akaongeza vibanda vya pembeni vyenye paa zilizochongoka na madirisha ya darini yaliyochongwa. Ukisimama mbele unaona ulinganifu wa Kifaransa uliovikwa juu ya mifupa ya Kiskoti.

Ile ngazi kubwa ina nini cha pekee?

Ngazi ya kawaida ya mnara wa Uskoti ni nyembamba: unapanda mmoja mmoja, bega likigusa ukuta. Ya Seton inazunguka nguzo nene ya katikati, daraja zake ni pana na za chini, na watu kadhaa wanaweza kupanda sambamba. Juu yake kuna matao ya mawe, na kwenye mawe zimechongwa nembo 22 za Seton na koo alizohusiana nazo.

Panda polepole ukitafuta hilali. Mwezi mwandamo ndio alama ya akina Seton, na ukiuzoea kwenye ngazi utaanza kuuona sehemu nyingine za jengo pia. Inasimuliwa kwamba katika zama za akina Gordon watu waliwekeana dau la kupandisha farasi hadi juu. Ukiona upana wake hutashangaa kwa nini simulizi hiyo imeshikilia.

Je, kila mnara ulijengwa na ukoo unaoupa jina?

Hapana, na hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi katika maelezo mafupi ya Fyvie. Inapendeza kusema kwamba koo tano zilijenga minara mitano, mmoja mmoja. Ukweli una tabaka.

Mnara wa Leith hauna utata: ulijengwa 1890, msanifu wake John Bryce. Wa Gordon pia unajulikana: ni wa miaka ya 1770, wakati Jenerali William Gordon alipoondoa mikono ya kaskazini na mashariki ya ua. Wa Seton ni wa Seton kwa sura yake, lakini lango lilikuwapo kabla yake. Wa Preston na wa Meldrum ndiyo migumu. Unene wa kuta za chini ni wa ngome ya kale, ilhali vichwa vyake, yaani paa, vibanda na madirisha ya juu, ni kazi ya Seton iliyoifanya ifanane.

Ukitaka kulisoma jengo mwenyewe, anza chini upande juu. Angalia kina cha dirisha: kadiri ukuta ulivyo mnene ndivyo sehemu hiyo inavyoelekea kuwa ya zamani. Kisha angalia ukubwa wa dirisha, kwa kuwa madirisha makubwa ya mstatili mara nyingi yamepanuliwa baadaye. Nembo na tarehe za kuchongwa ziache mwisho. Jiwe lenye tarehe linaweza kuhamishwa, na mwenye nyumba mpya huweka nembo yake juu ya ukuta wa mwenzake bila kuona haya.

Yule Bibi wa Kijani ni nani?

Lilias Drummond, mke wa kwanza wa Alexander Seton. Walipata mabinti, hawakupata mtoto wa kiume aliyekua. Lilias alifariki Mei 1601. Seton alimwoa Grizel Leslie Oktoba mwaka huohuo, na mtoto wa kiume aliyemrithi, Charles, alizaliwa na mke wa tatu, Margaret Hay.

Simulizi inasema Seton alimfungia Lilias na kumwacha afe njaa, kisha usiku wa harusi mpya maharusi walisikia mtu akiugua nje, na asubuhi wakakuta jina D LILIES DRUMMOND limechongwa kwenye kizingiti cha dirisha, upande wa nje. Maandishi hayo yapo na unaweza kuyaona. Yako zaidi ya mita 15 kutoka ardhini, na hilo ndilo linalowatia watu baridi.

Lakini Lilias alifia Dalgety, Fife, mbali na Fyvie, na hakuna ushahidi wa mahakama wala wa barua kwamba aliuawa. Tunachoweza kusema kwa hakika ni kwamba mwanamke alikufa, mumewe akaoa baada ya miezi mitano, na watu hawakusahau haraka hiyo.

Akina Seton waliipotezaje?

James Seton, Earl wa nne, alibaki upande wa Mfalme James VII aliyepinduliwa. Julai 1689 alikuwa kwenye vita vya Killiecrankie pamoja na Viscount Dundee, kiongozi wa uasi wa kumrejesha mfalme huyo. Upande wao ulishinda siku hiyo lakini Dundee aliuawa, na uasi ukafifia. Mwaka 1690 James Seton alihukumiwa kuwa mhaini. Hukumu ya namna hiyo ilifuta cheo na kupeleka ardhi kwa taji, yaani dola ya mfalme. Alikwenda uhamishoni Ufaransa, akafia Saint-Germain 1694.

Hilo ndilo pengo la 1690 hadi 1733: Fyvie ilikuwa ya taji ikingoja mnunuzi.

Kwa nini Gordon wa Fyvie hakuwa Earl wa Aberdeen?

William Gordon, Earl wa pili wa Aberdeen, alinunua Fyvie 1733. Alioa mara tatu. Cheo na jumba kuu la Haddo vilipaswa kwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza, na hapo hakuna baba aliyeweza kubadilisha kitu. Mali iliyonunuliwa, tofauti na ya kurithi, ilimpa nafasi ya kupanga. Fyvie akaiweka kwa watoto wa mke wa tatu, Lady Anne Gordon. Ndivyo mwanawe William, aliyekuja kuwa jenerali, alivyopata Fyvie huku kaka yake akipata cheo.

Huyu jenerali utakutana naye ndani, kwenye mchoro mkubwa wa Pompeo Batoni wa 1766 uliochorwa Roma. Amesimama na upanga, amejifunga nguo ya tartani kama toga ya Kirumi, Colosseum likiwa nyuma yake. Utazame ukikumbuka sheria ya wakati ule: baada ya uasi wa 1745 wa wafuasi wa kizazi cha James VII, mavazi ya nyanda za juu za Uskoti yalipigwa marufuku kwa wanaume, isipokuwa wanajeshi, marufuku iliyoondolewa 1782. Gordon alikuwa ofisa wa kikosi cha nyanda za juu, basi alivaa kwa haki. Ukiwa na dakika kumi tu ndani ya Fyvie, zitumie mbele ya picha hii.

Na ile laana ya mawe yanayolia?

Inasimuliwa kwamba mtabiri Thomas the Rhymer alinyimwa mlango Fyvie, akatamka kwamba hadi mawe matatu yapatikane, ngome haitapita kutoka kwa baba hadi kwa mtoto wa kwanza. Jiwe moja limehifadhiwa ndani. Linaitwa jiwe linalolia kwa sababu wakati mwingine hulowa.

Kulowa kwake hakuna siri kubwa: jiwe lenye vinyweleo hunyonya unyevu wa hewa na kuutoa hali ya hewa inapobadilika. Laana yenyewe ukiipima kwa hati haikai sawasawa. Charles Seton, Earl wa pili, alirithi kutoka kwa baba yake 1622. Hata hivyo mistari iliyokatika ni mingi kweli: Preston hakuacha mwana, Gordon wa mwisho aliuza, na Percy, mwana wa mnunuzi wa 1889, alifariki Afrika Kusini 1900 katika vita vya Makaburu.

Alexander Leith alipata wapi fedha za kununua Fyvie?

Kwenye chuma cha Marekani. Alizaliwa 1847, mtoto wa ofisa wa jeshi la majini, naye akaingia majini. Mwaka 1871 alimwoa Mary Louise January, wa familia ya wafanyabiashara wa St Louis, Missouri, akaingia katika viwanda vya chuma vya Illinois wakati reli zilipokuwa zikitandazwa kote nchini humo. Akarudi nyumbani na kununua Fyvie kwa pauni 175,000 kutoka kwa Sir Maurice Duff-Gordon. Mwaka 1905 akafanywa Baron Leith wa Fyvie.

Alichokifanya si kuongeza mnara tu. Alijaza kuta kwa picha za wachoraji Raeburn, Gainsborough, Reynolds na Romney, akatundika silaha na mazulia ya ukutani, akaweka kinanda cha upepo kwenye ukumbi uitwao Gallery. Picha za Raeburn zilizoko hapa ni miongoni mwa mikusanyo bora ya mchoraji huyo. Leith alipofariki 1925 mali ilienda kwa binti yake Ethel, na mumewe Charles Burn akachukua jina la Forbes-Leith.

Kuta za rangi ya mchanga zimepakwa nini, na kwa nini haziachwi mawe matupu?

Ni lipu ya chokaa inayorushwa kwa mwiko, si kupakwa. Kuta za eneo hili ni za mawe yasiyo na umbo, na mvua hupenya kwenye viungo. Lipu ni koti.

Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu moja ya chokaa kwa mchanga mkali sehemu mbili na nusu hadi tatu, wenye kokoto ndogo kwa tabaka la nje. Ukuta hulowanishwa kwanza, la sivyo mawe hunyonya maji ya lipu nayo hupukutika kama unga. Tabaka la kwanza likishika, la pili hurushwa kwa nguvu ili ling'ate. Kisha hufunikwa magunia mabichi kwa siku kadhaa. Kazi hii haifanywi joto likikaribia nyuzi 5, maana baridi ya kugandisha huipasua kabla haijakomaa.

Kosa kubwa la karne ya 20 katika majengo ya namna hii lilikuwa saruji. Saruji ni ngumu, haipumui. Ikipata ufa maji huingia, hayatoki, na ukuta huoza kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Mafundi waashi wa nyumba za matumbawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaujua ugonjwa huu vizuri, na dawa yao ni ileile: bandua saruji, rudisha chokaa.

Nikitaka kufuatilia umiliki wa ngome ya Uskoti, nianzie wapi?

Anzia mwisho urudi nyuma. Mauziano ya ardhi yalianza kusajiliwa rasmi nchi nzima 1617, kwenye rejista iitwayo Sasines, iliyoko National Records of Scotland mjini Edinburgh. Kabla ya hapo tumia hati za Muhuri Mkuu, ambazo mfalme alitolea ardhi, na kumbukumbu za kuthibitisha warithi, ambazo hutaja marehemu, mrithi na ardhi.

Mitego ni minne. Mwenye ardhi huitwa kwa jina la ardhi yake, kwa hiyo Fyvie kwenye barua inaweza kuwa mtu. Mwanamke wa Kiskoti aliendelea kuandikwa kwa jina la ukoo aliozaliwa, ndiyo maana kizingiti kinasema Drummond na si Seton. Majina ya kwanza hurudiwa: Alexander na William wamejaa kote, basi mtambue kila mmoja kwa mkewe na mwaka wa kifo chake. Mwisho, hadi 1599 mwaka wa Uskoti ulianza 25 Machi. Hati ya Februari 1597 kwa hesabu yetu ni ya Februari 1598.

Nifike vipi, na nitenge muda gani?

Kutoka Aberdeen fuata barabara ya A947 kupitia Oldmeldrum kuelekea Turriff. Mabasi ya njia hiyo husimama kijijini Fyvie, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu kama kilomita moja na nusu. Tenga nusu siku. Vyumba havifunguliwi mwaka mzima wala siku zote za juma, hivyo hakikisha ratiba kwa National Trust for Scotland kabla ya kufunga safari.

Ukibaki na saa moja, nenda kwenye makaburi ya kanisa la kijiji. Huko kuna kaburi la Agnes Smith, binti wa msaga nafaka wa Tifty, aliyefariki 1673. Watu wa Aberdeenshire wameimba kwa vizazi vingi jinsi alivyompenda Andrew Lammie, mpiga tarumbeta wa ngome, na jinsi familia yake ilivyomkataza. Kisha rudi uangalie juu ya paa: sanamu ya mpiga tarumbeta imesimama pale, imeelekea Tifty.